Jamani Mara Tatu

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Habari kubwa! Mzee Masikio anastaafu. Ametangaza mwenyewe asubuhi bila kuvua hedifoni, kwa hiyo alipiga kelele kama anayemwita mtu wa ng'ambo. Miaka thelathini na mmoja ndani ya chumba cha redio cha vivuko, na Ijumaa hii meneja atamtaja atakayekalia kiti chake. Kile chenye mto.

Wanaotajwa ni wawili. Mimi, msaidizi wa miaka tisa. Na Nukta, mwenye miaka miwili tu kazini, tuliyempa jina hilo kwa sababu hafungi daftari la redio mpaka ahakikishe kila sentensi ina nukta yake. Sina chuki naye. Ni binti mwenye adabu, ananiita kaka. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Kikwazo changu ni kimoja na ofisi nzima inakijua. Mwaka jana, asubuhi ya Mei Mosi, kivuko kidogo kilifanya mazoezi ya kuomba msaada. Nahodha akaita, "Meidei, meidei, meidei!" Nami nikamjibu, "Nawe pia nahodha, sikukuu njema, wasalimie nyumbani." Ningejuaje? Tangu utoto wangu Meidei ni siku ya wafanyakazi. Mpaka leo walinzi wa geti wakiniona wananitakia sikukuu njema, hata mwezi wa kumi na moja.

Mzee Masikio amenieleza tena leo, polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Meidei si siku. Limetoka kwenye maneno ya Kifaransa yenye maana ya njooni mnisaidie. Hutamkwa mara tatu ili asije mtu akadhani umelitaja kwa bahati tu, na ili moja likimezwa na mikwaruzo ya redio yabaki mawili. Ni la hatari ya kufa, basi: chombo kinazama, chombo kinaungua. Kisha unataja jina la chombo, mahali kilipo, kilichotokea na idadi ya watu. Wengine wote wananyamaza. Kama jambo ni la haraka lakini hakuna anayekufa, injini imezimika kwa mfano, unasema panpan, nayo mara tatu.

Nikamwambia nayajua hayo yote. Akanikumbusha kwamba panpan ya mwisho niliisikia pampu, nikatuma pampu. Ilikuwa pampu nzuri, lakini hilo hakulitaja.

Meneja anasema atamtazama kwa jicho zuri yule atakayeleta maboresho. Nina siku nne za kutafuta maboresho.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Nimeyapata! Na nimeyapata kabla ya kupiga mswaki.

Kosa halikuwa langu hata kidogo. Kosa ni la neno! Mtu anazama, ana haraka zake, kwa nini aite kwa Kifaransa? Nikakaa kwenye meza ya kupigia pasi na kalamu, kutafuta neno letu wenyewe. Nisaidieni: refu mno, maji yakifika mdomoni hulimalizi. Tunakufa: litawashtua abiria. Uwi: mke wangu alisema nikipiga uwi mara tatu redioni, watu watatoka na fimbo kumtafuta mwizi. Akaja kuchukua meza yake, akaona karatasi zilivyotapakaa na shati lake la kazi chini ya kiwiko changu. Akasema, "Jamani!"

Hapo hapo! Jamani! Fupi, tamu, halihitaji mafunzo, hata mtoto wa chekechea analo. Mengine yakaja yenyewe kama yanasukumana mlangoni. Jamani mara tatu, kwa hatari ya kufa. Samahani mara tatu, kwa jambo la haraka lisilo la kufa. Hodi mara tatu, kwa tahadhari ndogo, gogo linaelea na kadhalika. Hodi tayari watu hupiga mara tatu! Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akanigusa paji la uso kama nina homa.

Nimeandika kurasa nane. Jalada nimeliita Mfumo wa Meneja wa Wito wa Dharura, jina lake kwa herufi kubwa, langu kwa ndogo. Hapo ndipo akili ilipo. Meneja alilitazama jalada kwa muda mrefu sana, ndani hakufungua, akasaini. Majaribio ya siku tatu kuanzia kesho, kwenye chaneli yetu ya ndani, kwa vivuko vyetu vitatu na boti ya uokoaji.

Mzee Masikio amenuna. Anasema neno la dharura ni la kila anayesafiri majini, halibadilishwi na mtu mmoja mwenye kalamu, na meli ya wageni ikipita itajuaje jamani ni kitu gani? Nikamjibu wageni wajifunze. Nukta naye akauliza, kwa adabu zake zile, kama neno la hatari halipaswi kuwa neno ambalo watu hawalitamki kwa mambo mengine. Swali la kitoto. Neno lisilotumika lina faida gani?

Jumatano, tarehe 16 Aprili

Siku ya kwanza ya Mfumo.

Hodi mpaka saa sita mchana: thelathini na nane. Sikujua manahodha wetu wana adabu kiasi hiki. Hakuna anayefungua mdomo redioni bila kubisha. Nahodha wa kivuko kikubwa alibisha hodi mara tatu kuuliza saa ngapi. Kwa mujibu wa ukurasa wangu wa pili, kila hodi lazima nivitangazie vyombo vyote kuna tahadhari. Nimetangaza tahadhari ya saa tatu na robo.

Samahani: tano, zote kutoka kivuko kidogo. Nahodha wake tunamwita Mpole. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. "Samahani, samahani, samahani sana ndugu yangu," akasema, na kabla hajafika mwisho fundi wa mitambo alikuwa ameshatupwa ndani ya kiboti na sanduku lake la vifaa. Nahodha Mpole alitaka kujua kama miwani yake imeonekana ofisini. Fundi amerudi amelowa magoti na hasemi na mtu.

Jamani: moja. Saa nane kasorobo, kivuko cha mizigo. "Jamani, jamani, jamani!" Damu ilinisisimka. Nikabonyeza king'ora kwa kiganja chote. Boti ya uokoaji ikatoka na wazamiaji wawili, machela na Sajini mwenyewe amesimama mbele. Sajini ndiye mkuu wa uokoaji, mtu wa maneno machache na mabega mengi. Walimkuta nahodha wa mizigo anapunga mkono kwa furaha. Alikuwa amesahau chakula chake cha mchana kwenye dirisha letu, akadhani wamemletea.

Sajini aliingia chumba cha redio anachuruzika maji, akauliza nani. Neno moja tu. Nikamwambia yalikuwa mazoezi ya kushtukiza, niliyoyapanga mwenyewe, na kwamba amefaulu. Nikaandika hivyo daftarini: mazoezi, dakika sita. Nukta alinitazama nikiandika. Kisha alichukua kalamu akaweka nukta niliyoisahau.

Meneja amesoma hizo dakika sita na kunipiga begani mara mbili! Kiti chenye mto nakiona.

Alhamisi, tarehe 17 Aprili

Naandika kwa haraka. Herufi zinisamehe.

Asubuhi nilirekebisha kasoro za jana kwa waraka mfupi. Ni marufuku kwa nahodha yeyote kutamka hodi, samahani au jamani katika mazungumzo ya kawaida. Safi, wazi, hauna utata.

Kufika saa nne chaneli ilikuwa haifai kusikilizwa na watoto. Nahodha wa kivuko kikubwa alimwambia wa mizigo, "Sogea." Basi, hivyo tu. Akajibiwa, "Sogea wewe." Hawa ni watu ambao mmoja alimsimamia mwenzake harusi. Kufika saa sita walikuwa hawasemeshani, na wote wawili wanataka gati moja. Nahodha Mpole hakusikika kabisa. Nadhani alikuwa anatafuta pa kuanzia sentensi.

Mke wangu alinipigia simu mara mbili kunikumbusha kuwa mama yake anakuja na kivuko kidogo cha saa tisa. Nimpokee gatini, nimbebee begi, nisibishane naye. Nikasema sawa.

Saa tisa na dakika kumi. Nukta yuko chumba cha pili kuchukua taarifa ya hali ya hewa. Mzee Masikio kwenye kona, ametupa mgongo, hedifoni zimemziba masikio, anapanga vitabu vyake ndani ya katoni. Maiki iko mikononi mwangu.

Redio ikasema, "Jamani. Jamani, jamani." Sauti ya Nahodha Mpole.

Nikamjibu kwamba neno hilo limekatazwa katika mazungumzo ya kawaida, asome waraka. Akasema samahani. Kisha akakumbuka kuwa samahani nayo imekatazwa, akaniomba radhi kwa samahani. Nikamwambia sasa ameita madaraja mawili kwa mkupuo, achague moja niandike. Akasema maji. Nikauliza maji gani. Akasema maji yanaingia chumba cha injini, pampu imeshindwa, kivuko kimeanza kulala upande, na ndani wamo watu sitini na tatu.

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nikabonyeza king'ora. Nikaiita boti ya uokoaji, jamani, jamani, jamani! Sajini akajibu taratibu, mdomo umejaa kitu anachotafuna.

"Leo umesahau nini? Kijiko?"

Nikamwambia ni kweli safari hii. Akasema hata jana ilikuwa kweli mpaka alipofika. Nikamwambia jana nilidanganya, yalikuwa si mazoezi, leo sidanganyi. Akasema basi leo nimekiri kwamba ni mwongo, na akaendelea kutafuna. Nikaita kivuko kikubwa, ambacho kilikuwa jirani kabisa. Nahodha akauliza kama namtega kwa neno la marufuku ili nimwandike.

Watu sitini na tatu! Mama mkwe wangu yumo. Nililisema neno langu mara tatu, mara sita, mara kumi na mbili, na kila nilipolisema lilikuwa neno lile lile watu wanalosema wakiona shati limekunjika. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Nukta akaingia na karatasi ya hali ya hewa. Aliniangalia usoni tu, akaitoa maiki mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akamwambia Nahodha Mpole ahamie chaneli ya kumi na sita, ile inayosikilizwa na kila chombo, na aite kwa neno la zamani. Kisha akabadilisha chaneli.

"Meidei, meidei, meidei." Jina la kivuko. Mahali kilipo. Maji yanaingia, tunalala upande. Watu sitini na tatu. Nahodha Mpole alisema yote hayo bila samahani hata moja. Nukta akayarudia yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, kwa vyombo vyote.

Kimya. Chaneli nzima kimya, kama wote wamebana pumzi. Halafu Sajini, mdomo mtupu: "Tunakwenda." Halafu nahodha wa kivuko kikubwa, anageuza. Halafu nahodha wa mizigo akamwambia yule wa kivuko kikubwa apite yeye kwanza, yuko nyuma yake. Halafu sauti ngeni, ya meli kubwa iliyokuwa inapita mbali na shughuli zake, watu wasiojua hata habari gani kwa lugha yetu. Wamesikia. Wanageuza. Watafika baada ya dakika kumi na mbili. Mzee Masikio alikuwa amesimama na katoni mikononi, machozi yanamtoka na hayafuti.

Wote sitini na tatu wametoka. Nahodha Mpole wa mwisho, na amewaomba radhi mmoja mmoja.

Mama mkwe alipandishwa kwenye meli ya wageni kwa ngazi ya kamba. Begi lake hakuliacha. Ameshuka gatini saa kumi na moja amevaa koti la baharia, mikono imemfika magotini. Nikampokea, nikambebea begi, sikubishana. Njiani akaniambia alikuwa amesimama mlangoni kwa nahodha mambo yakiharibika, na alisikia mtu redioni anamwambia nahodha asome waraka. Akauliza, baba, yule ni nani? Nikamwambia redio zina mikwaruzo mingi, mama, sauti hubadilika. Akaniangalia mpaka tukafika nyumbani.

Nililia leo. Nyuma ya stoo ya kamba, kabla ya kwenda gatini. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Ijumaa, tarehe 18 Aprili

Kiti amepewa Nukta.

Meneja ameubandua ukurasa wa jalada wenye jina lake, akautia mfukoni, kurasa nane zilizobaki akanirudishia. Anasema Mfumo haukuwahi kuwepo. Maiki nimenyang'anywa. Sitakiwi kukaribia redio kwa hatua tano, na Mzee Masikio amezipima na kuchora mstari wa chaki. Aliniaga vizuri, lakini. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema nina moyo mzuri na nisiutumie kazini.

Nilimpongeza Nukta. Akasema ahsante kaka, akaniletea daftari nisaini ya jana. Ameandika yote, hata aliyosimuliwa na Nahodha Mpole. Mtumishi wa zamu alimjibu nahodha kuwa neno limekatazwa, nukta. Nahodha aliripoti maji, nukta. Dakika nne zilipotea, nukta. Nikamwomba, nikimwita dada yangu, aifute ile ya dakika nne. Akasema kwa upole kwamba daftari la redio halifutwi. Nikasaini. Dakika nne ni nyingi, nikizihesabu kitandani naona ni nyingi mno.

Sajini amenisalimia. Hilo limeniumiza kuliko kama angenipiga.

Nyumbani, mama mkwe ametangaza kwamba havuki tena maji mpaka atakapojisikia. Amepewa chumba ninachoandikia. Naandika jikoni, daftari juu ya sufuria iliyofunikwa. Mke wangu anajua. Amenipakulia kidogo.

Kuanzia Jumatatu mimi ni mtu wa usalama wa jengo. Mitungi ya kuzimia moto, milango ya kutokea, na kipaza sauti cha ndani. Sawa. Nimeyaelewa makosa yangu, na ninayaandika hapa kwa akili timamu: sitabadilisha tena neno la dharura, lolote, la majini, maishani mwangu.

Jumatatu, tarehe 21 Aprili

Siku ya kwanza kwenye usalama wa jengo. Nimeanza kwa kukagua utaratibu uliopo. Moto ukitokea, mtu wa zamu anatangaza kwenye kipaza sauti, "Moto! Moto! Moto!" Nikaufanyia jaribio dogo saa tatu.

Aibu! Watu walikimbia kila upande. Karani wa tiketi alirudi ndani kufuata viatu. Wawili walikwama mlangoni wakisukumana, mhudumu wa mapokezi akateguka kifundo cha mguu, na meneja tulimkuta chini ya meza yake amekumbatia kikapu cha taka. Dakika tisa, na bado kuna waliobaki chooni. Niliona wazi kwa macho yangu kwamba kosa si la watu hawa. Ni la neno! Linatisha. Mtu aliyetishwa hawezi kutoka chumbani kwa utaratibu. Linatakiwa neno litakalowatoa watu wote ndani, upesi, kwa hiari yao, wakiwa wanatabasamu.

Nikatafakari mpaka saa nne kamili. Hapo mpishi wa kantini akaja kwenye kipaza sauti hicho hicho, akatangaza kama kawaida yake, "Chai tayari, chai tayari, chai tayari."

Jengo lilikuwa tupu ndani ya dakika mbili! Nilisimama na saa mkononi. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyerudi kufuata viatu. Mhudumu wa mapokezi alitoka kwa mguu mmoja na akawapita watatu. Na kantini iko uani, pale pale kwenye kibao cha mahali pa kukusanyika moto ukitokea. Na mpishi, bila kufundishwa na mtu, alisema mara tatu!

Pendekezo limekamilika, kurasa kumi na moja. Jalada lina jina la Nukta kwa herufi kubwa, na nimeliwekea nukta. Limebaki jambo dogo moja tu, nalo ni la kiutawala. Kesho asubuhi namwandikia mpishi waraka wa kumkataza kutangaza chai.